Mwanza kwa usiku tatu na familia: anza kupanga kwa samaki

Ukirudi kutoka Mwanza mikono mitupu, hakuna atakayekuuliza kama uliliona Jiwe la Bismarck. Swali litakuwa moja: samaki wako wapi? Jirani atauliza, mama mkwe atauliza, hata mlinzi wa getini atachungulia mizigo. Kwa hiyo ratiba ya Mwanza hupangwa kinyumenyume. Kwanza unaamua samaki watanunuliwa lini, watagandishwa wapi na watasafiri vipi. Matembezi yanaingia kwenye nafasi zinazobaki. Familia nyingi hununua samaki siku ya kwanza kwa uchu, wanalala kwenye ndoo chumbani siku mbili, na safari ya kurudi inakuwa ya kufungua madirisha ya basi.

Hesabu za humu ni za familia ya watu wazima wawili na watoto watatu, inayofika Alhamisi mchana na kuondoka Jumapili asubuhi. Siku unaweza kuzihamisha. Saa usiziguse, kwa sababu Mwanza inafuata saa za Ziwa Victoria.

Hatua ya 1: Chagua majira, kisha tazama mwezi

Juni hadi Septemba ni kiangazi. Barabara za milimani ni kavu, mawe hayatelezi, usiku una kaubaridi ka sweta jepesi kwa watoto. Oktoba hadi Desemba kuna vuli, Machi hadi Mei masika. Unaweza kwenda, ila weka nafasi ya mvua kila siku, na ujue kwamba dagaa wa kipindi hicho wanahitaji jicho kali zaidi, kama itakavyoelezwa chini.

Baada ya majira, angalia kalenda ya mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola na betri. Taa inavuta dagaa pale penye giza tu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, dagaa hawakusanyiki, na wavuvi wengi hupumzika siku kadhaa kabla na baada yake. Dagaa utakaowakuta sokoni siku hizo ni wa akiba, na bei imepanda. Safari ikiangukia siku za giza unapata wapya kwa bei nafuu. Sato na sangara mwezi hauwasumbui kiasi hicho.

Hatua ya 2: Usafiri, na kosa la stendi mbili

Kutoka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,100. Kwa watoto wadogo ni vizuri kuikata Dodoma: treni ya SGR hadi hapo, mlale, kesho yake basi. Ndege kutoka Dar ni kama saa moja na nusu, na uwanja uko Ilemela, kilomita 10 hivi kutoka katikati ya jiji. Ukitoka Geita au Bukoba, siku hizi unavuka Ghuba ya Mwanza kwa Daraja la J.P. Magufuli, Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lililozinduliwa tarehe 19 Juni 2025. Watoto waamsheni kabla ya hapo; foleni ya kivuko waliyokuwa wakihadithiwa na babu zao haipo tena, sasa ni dakika chache na limepita.

Jiji lina stendi kubwa mbili za mabasi ya mikoani: Nyegezi upande wa kusini na Nyamhongolo upande wa barabara ya Musoma. Ziko pande mbili tofauti za jiji. Unapokata tiketi ya kurudi, muulize wakala, "Kaka, napandia Nyegezi au Nyamhongolo?" na uandike jibu nyuma ya tiketi. Mabasi mengi huondoka alfajiri, na kuhama kutoka stendi moja kwenda nyingine saa 11 alfajiri ukiwa na watoto watatu na boksi la samaki ni njia ya uhakika ya kuachwa.

Hatua ya 3: Pa kulala

Swali la kwanza kwenye simu lisiwe bei. Uliza hivi: "Dada, mna friza ya kugandishia samaki wa wageni, na umeme ukikatika mna jenereta?" Hoteli na gesti nyingi za Mwanza zimelizoea swali hili. Ikiwa jibu ni "tutaona ukifika," tafuta kwingine. Friji yenye kisanduku kidogo cha barafu juu haigandishi kilo 6 za sato. Inawafanya wateleze tu.

Kisha chagua eneo. Katikati ya jiji ni karibu na masoko na bandari, bei za kila mfuko zipo, ila kuna kelele za magari na muziki. Capri Point ni pametulia na ziwa liko mbele yako. Gharama iko juu na daladala ni za kubahatisha, utatumia bajaji. Barabara ya uwanja wa ndege, Pasiansi hadi Ilemela, kuna hoteli za ufukweni zenye bwawa na nafasi ya watoto kukimbia. Kwa ratiba hii Kirumba, liliko soko la samaki la Mwaloni, au katikati ya jiji ndiyo inayofaa zaidi, kwa kuwa asubuhi mbili kati ya tatu mtaamkia upande huo.

Mwanza ni mji wa vilima na mawe. "Dakika tano kutoka barabarani" inaweza kumaanisha ngazi mia moja. Ukiwa na mtoto wa mgongoni au bibi mwenye magoti, uliza kama gari linafika mlangoni. Hakikisha pia kila kitanda kina chandarua kisicho na matundu. Kanda ya Ziwa ina malaria, hilo halina mjadala.

Alhamisi jioni: Bismarck, na basi

Msijaze siku ya kufika. Oga, pumzika, kisha mnamo saa 11:30 jioni shukeni ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, mahali linapoonekana Jiwe la Bismarck likiwa limesimama majini kama mtu ameliweka kwa mkono. Jina lilitoka kwa Wajerumani, waliofungua kituo chao hapa mwaka 1892.

Jua la Mwanza huzama kama dakika 25 baada ya la Dar es Salaam, kwa sababu jiji liko magharibi zaidi. Kwa kawaida ni kati ya saa 12:40 jioni na saa 1 kasoro kidogo. Ziwa liko magharibi ya mji, hivyo jioni jua linakuwa nyuma ya jiwe: utapata picha ya kivuli cheusi na anga jekundu, ila sura za watoto hazitaonekana. Anayetaka picha ya familia yenye sura arudi hapo asubuhi, saa 2 au saa 3. Msipande mawe ya ukingoni, yana utelezi wa ukoga mahali maji yanapopiga. Na kamera ielekezwe ziwani. Shughuli za bandari na askari waachwe nje ya picha.

Ijumaa asubuhi: Kisiwa cha Saanane

Hii ni shughuli ya maji, kwa hiyo ni ya asubuhi. Saa za mapema ziwa kwa kawaida limetulia. Kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo unaanza kuvuma kutoka ziwani kuja mjini, na kufikia alasiri mawimbi yanarusha maji ndani ya boti. Mtoto asiyezoea maji akitapika saa 9 alasiri, kosa ni la aliyepanga.

Saanane ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013. Ndiyo ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 pamoja na maji yanayoizunguka. Jina ni la Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi hapo kabla kisiwa hakijachukuliwa kuwa bustani ya wanyama katika miaka ya 1960.

Fikeni ofisi ya hifadhi Capri Point saa 2:30 hadi saa 3. Malipo hayafanywi kwa noti: mnapewa kumbukumbu namba, mnalipa kwa simu au kadi. Weka salio la kutosha kwenye simu usiku wa kuamkia, pamoja na makato, maana hapo ndipo foleni inapokwamia. Beba kitambulisho cha Taifa ili utozwe kiwango cha Mtanzania. Watoto walio chini ya miaka 5 hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao. Kwa mtoto mkubwa wa umbo, picha ya cheti cha kuzaliwa kwenye simu inamaliza ubishi.

Kabla boti haijaondoka, kila mtu avae jaketi la kuokolea, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Lifungeni, kisha mvuteni juu kwa mabega ya jaketi: likipanda hadi masikioni ni kubwa, akianguka majini atachomoka. Omba jingine bila kuona haya. Ziwa hili lilichukua meli ya MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996 na kivuko cha MV Nyerere tarehe 20 Septemba 2018, na hakuna nahodha wa Mwanza atakayekucheka kwa kuwa mwangalifu.

Kisiwani mtatembea juu ya mawe saa mbili hadi tatu. Viatu vya kufunga. Ndala zinabaki hotelini. Kuna swala, pundamilia, pimbi wanaoota jua, tumbili, na mjusi wa mawe ambaye dume lake lina kichwa na kifua chekundu na mwili wa buluu. Wataalamu wamempa jina la kisayansi linalotokana na Mwanza yenyewe. Maji lita 1 kwa kila mtu. Chakula kaeni nacho kwenye begi lililofungwa, kwa sababu tumbili hapori kwa nguvu, anasubiri ugeuke, na mwewe hasubiri hata hilo. Ondokeni kabla ya saa 6, mawe yakianza kuchoma.

Kula: namna ya kuagiza bila kushtushwa na bili

Samaki wa Mwanza huuzwa kwa ukubwa. Bei ya "sato" bila kumwona sato haina maana. Utaratibu ni huu: nenda jikoni au kwenye kabati la barafu, mchague mwenyewe, muulize bei akiwa mzima, kubalianeni ugali na kachumbari vimo au havimo, ndipo aende motoni. Ukikaa kwanza na kusema "tuletee samaki watano," utaletewa wakubwa watano na bili yao.

Sato mmoja wa kilo 1 anatosha watu wazima wawili, au mtu mzima na watoto wawili. Kwa familia ya watano, sato wawili wa kilo moja moja na ugali wa watu wanne vinatosha, na mara nyingi vitabaki. Sato wa kuchoma wa ukubwa huo anahitaji dakika 40 hadi 60 ili aive hadi kwenye mfupa. Ukiona analetwa baada ya dakika 20, aidha alishachomwa jana au ndani ni mbichi. Wakati watoto wana njaa kali, agiza mchemsho: sato na viazi, ndizi, karoti na nyanya kwenye sufuria moja, unakuja haraka zaidi na mchuzi wake unamaliza kelele.

Mtoto wa chini ya miaka 6 mpe kipande cha sangara. Mifupa yake ni mikubwa na inaonekana. Ningu, samaki mwingine wa ziwa hili, ni mtamu kweli, lakini miba yake ni mingi na myembamba kama uzi, mwacheni kwa wenyeji waliokuzwa naye. Furu vilevile.

Tofautisha sato wa ziwani na wa vizimba, yaani wa kufugwa. Wakiwa wote wamelingana kama matofali, basi ni wa vizimba. Wana mafuta zaidi tumboni, na si wabaya. Wa ziwani hutofautiana ukubwa na nyama yake imekaza. Bei isiwe moja.

Jaribuni pia ugali wa udaga, wa muhogo, unaovutika na kuteleza. Kwa dagaa wa mchuzi hauna mpinzani, ingawa watoto wa mjini huutazama kwa mashaka. Na kama kuna matobolwa au michembe, watoto wapewe. Ni viazi vitamu vilivyokaushwa: michembe hukatwa vikiwa vibichi, matobolwa huchemshwa kwanza. Matobolwa yanatafunwa kama pipi, michembe inarudi kupikwa, wengine huipika kwa karanga.

Ijumaa alasiri: madukani

Anzeni saa 10, joto likishuka. Makoroboi ni msongamano wa vitenge, vyombo, viatu, mabegi na kila kitu kinachoning'inia. Jina linatokana na koroboi, taa za kibatari zilizokuwa zikifuliwa hapo kwa mabati chakavu. Mlango Mmoja ni mitumba. Ukitaka nguo za shule au makoti ya watoto, pita Mlango Mmoja kwanza, ujue bei ya mtumba mzuri, ndipo uende dukani.

Kitenge kikunjue chote kabla ya kulipa, kipime kwa mikono na utazame kama chapa imepita upande wa pili. Mchele mnunue kwa kuuonja mbichi na kuunusa: mpya una harufu, wa zamani ni mkavu usio na harufu. Uliza umetoka wapi. Magu, Sengerema na Kwimba ni majibu ya kawaida. Kilo 20 ndiyo kiasi ambacho familia inaweza kubeba pamoja na samaki bila kugombana na kondakta.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, hivyo njooni na vikapu viwili imara. Mkigawanyika, mkubaliane mahali pa kukutania penye jina linalojulikana na kila bodaboda. Rock City Mall ipo kwa mvua, vyoo safi na watoto waliochoka, mambo mengine yake mnayo kwenu.

Jumamosi alfajiri: Mwaloni

Hapa ndipo safari inapolipa. Mzazi mmoja aende, watoto wabaki wamelala. Soko la samaki asubuhi lina mikokoteni, utelezi na wabeba mizigo wasiosimama. Vaa viatu vya mpira au vya zamani. Beba ndoo mbili za lita 20 zenye mifuniko, karatasi nyeupe moja, rula au utepe wa kupimia, na noti ndogo ndogo. Fika saa 12:30 asubuhi, wakati makorongo wale wenye vipara wameshajipanga kusubiri utumbo.

Salamu kwanza, kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu," kwa mama wa makamo, naye atajibu "mwangaluka" huku akikuangalia vizuri zaidi. Haitakushushia bei kwa nusu, ila inakutoa kwenye kundi la wageni wanaouziwa kwa macho yao.

Mwaloni wa Kirumba ni hasa soko la wakavu: dagaa, sangara wa moshi, na kayabo, yaani sangara wa chumvi wanaosafiri hadi Kongo.

Dagaa. Swali la kwanza: "Mama, hawa ni wa chanja au wa mchanga?" Wa chanja wameanikwa juu ya nyavu zilizoinuliwa, wa mchanga wameanikwa chini, na mchanga wake hautoki hata uwaoshe mara nne. Usiamini jibu, pima. Chukua konzi moja, sugua kati ya viganja juu ya karatasi nyeupe, toa dagaa, tazama kilichobaki. Vumbi la magamba ni sawa. Chembe zinazokwaruza kwa kidole ni mchanga. Kisha rangi: fedha inayong'aa ni dagaa aliyekauka siku moja yenye jua. Njano au kahawia maana yake alinyeshewa akiwa anaanikwa, au amekaa hadi mafuta yake yakachacha. Ndiyo maana masika yanahitaji macho. Mwisho mvunje: akikatika kwa mlio, amekauka, akijipinda, unalipia maji, na ataota ukungu kabla hujamaliza sado moja. Wale wa kahawia wana soko lao, chakula cha kuku, kwa hiyo bei ya chini sana isikufurahishe kabla hujauliza ni ya mlaji gani.

Wanapimwa kwa sado au debe. Tazama kipimo kisiwe kimebonyezwa kitako, na mwombe muuzaji ashindilie kidogo kwa mkono. Dagaa wakimwagwa wanajenga matundu. Sado 2 zinatosha nyumba moja mwezi na zaidi. Ongeza 1 kwa kila nyumba ya zawadi.

Kayabo chukua vipande vichache tu kama hujawahi kumpika. Chagua mkavu asiyetoa unyevu ukimbana, bila madoa mekundu, maana wekundu kwenye samaki wa chumvi ni dalili ya kuharibika.

Sato na sangara wabichi. Wapo kwa wachuuzi wa asubuhi hapo hapo na kwenye mialo mingine ya jiji, yaani sehemu za kushushia samaki, kama Igogo. Jicho liwe limetuna na angavu. Lililozama na kuwa na ukungu ni la jana. Fungua mashavu: mekundu, hayanuki. Bonyeza tumbo kwa kidole gumba, nyama irudi. Kama muuzaji anamwagia maji kila dakika ili ang'ae, hama. Hapa rula inatumika: sato aliye chini ya sentimita 25 na sangara aliye chini ya sentimita 50 ni wachanga kisheria, na ukaguzi wa njiani haujali kwamba ulikuwa unapeleka zawadi. Omba risiti au karatasi ya muuzaji, iweke na tiketi yako.

Kilo 6 za sato ni kiasi cha kufaa: 6 hadi 8 wenye ukubwa wa kati. Ukitaka minofu ya sangara, kumbuka hesabu ya kisu: sangara mzima wa kilo 3 hutoa kilo moja na robo hivi ya minofu. Kichwa na mapanki, yaani mifupa inayobaki, ni vyako, umevilipia, chukua upike supu au waachie jikoni hotelini. Ni shukrani nzuri kwa aliyekupa friza.

Mpe mparaji awatoe magamba, utumbo na mashavu. Simama hapo hapo. Mashavu yakibaki, samaki huanza kuoza kichwani hata akiwa kwenye barafu, na nyongo ikipasuka tumboni nyama inakuwa chungu. Osha mara moja kwa maji safi, usiwaache wakiloweka. Hotelini wafute maji, funga mmoja mmoja, kisha walaze kwenye friza safu moja bila kupandana. Waliopandana huganda nje tu. Saa 3 asubuhi wawe ndani. Hadi Jumapili alfajiri mna karibu saa 20, zinazotosha kwa samaki wa kilo moja. Bandika karatasi yenye jina na namba ya chumba. Hii si dharau kwa mtu, friza la hoteli ya Mwanza wikiendi limejaa sato wanaofanana.

Jumamosi saa 4: Bujora

Makumbusho ya Wasukuma yako Bujora, Kisesa, kilomita 20 hivi kutoka mjini kwa barabara ya Musoma. Pandeni daladala iliyoandikwa Kisesa, shukeni hapo, bodaboda au bajaji iwamalizie kipande cha mwisho. Yalianzishwa na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, na kanisa la hapo limejengwa kwa sura ya Kisukuma. Ingieni ndani hata kama si Wakatoliki. Kuna ngoma kubwa za watemi, viti vyao, nyumba ya mganga na zana za kazi. Watoto hukumbuka zaidi hadithi za Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana hadi leo. Wanacheza wakati mmoja, kila kundi upande wake, na mshindi ni anayewavuta watazamaji wengi zaidi. Mashindano makubwa ni ya Bulabo, mwezi Juni.

Ngoma ya wageni haiko muda wote. Piga simu siku mbili kabla, kubalianeni idadi ya wachezaji, dakika na bei, na muulize kama nyoka atakuwepo. Mtoto anayeogopa asishtukizwe na chatu.

Jioni: ufukweni, bila kuoga ziwani

Hoteli za fukwe za Ilemela hupokea wageni wa siku. Watoto waoge kwenye bwawa. Ziwani kuna kichocho: vimelea vyake hutoka kwa konokono wanaokaa kwenye matete na magugu, hupenya hata ngozi isiyo na kidonda ndani ya dakika chache, na huwa wengi majini kuanzia saa 4 asubuhi hadi alasiri jua likiwa kali. Kukanyaga maji hadi magotini kunatosha. Mtoto akishateleza na kuingia, mfute kwa taulo kavu mara moja, na apimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo mayai huwa bado hayajaanza kuonekana. Dawa ipo na hutolewa kwa uzito. Homa ya ghafla usiku ni jambo jingine, kipimo cha malaria kisisubiri mfike nyumbani. Hospitali ya Mkoa ya Sekou Toure na Bugando zote ziko jijini.

Safari ya kisiwa cha Ukerewe itawavutia sana mkiwa ufukweni. Kwa safari hii iacheni. Meli ya kwenda Nansio, mji wa kisiwa hicho, huchukua masaa, huenda mkalazimika kulala huko, na friza halisubiri.

Jumapili: kufunga na kuondoka

Nunua boksi la foam lenye mfuniko Jumamosi, usisubiri alfajiri. Samaki walioganda kama mawe, wakijaza boksi bila nafasi za hewa na kuzungushiwa gazeti nene, hustahimili safari ya mchana mmoja. Safari ndefu zaidi, au samaki ambao hawakuganda sawasawa, weka barafu kilo kwa kilo: samaki kilo 6, barafu kilo 6, tabaka kwa tabaka, barafu ikianza na kumalizia. Funga gundi ya nailoni kuzunguka mfuniko wote. Kwenye basi liingie buti likiwa wima, mbali na upande wa injini, jina juu, na kondakta aambiwe. Kwa ndege, piga simu kwa shirika mapema. Barafu inayoyeyuka hukataliwa kaunta, kwa hiyo huko ni walioganda tu.

Dagaa wasiwekwe karibu na nguo wala mchele. Karatasi za kaki ndani, kisha ndoo yenye mfuniko unaobana, ndiyo njia pekee inayozuia harufu isitambulishe familia yenu kwa basi zima.

Mkifika, sato waingie friza kabla ya masanduku kufunguliwa. Aliyelainika apikwe usiku huohuo, asigandishwe tena. Kayabo mloweke usiku kucha na ubadilishe maji mara mbili, la sivyo chumvi itashinda mboga. Dagaa waanikwe jua moja zima juu ya kitambaa safi kabla ya kuwagawa.